Kabla ya Kusema "Faili Limeharibika"

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mbele ya mafundi wa kompyuta, walimu wa TEHAMA na vijana wa vibanda vya intaneti. Waliokosa kufika waliomba wayapate, nami nimeyaweka yote kama yalivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mafundi wenzangu, walimu wetu, dada zangu na kaka zangu mliosafiri kuja hapa: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani amewahi kununua bando la usiku, akaliacha faili la gigabaiti tano lishuke yeye akiwa amelala, asubuhi akalibofya, kompyuta ikamjibu kwamba faili limeharibika? Nyosheni mikono. Naam. Shusheni. Na nani, baada ya kusoma ujumbe ule, alilifuta faili palepale akaanza kulipakua upya? Mikono ni ileile! Ndugu zangu, bando ni hela. Leo nataka tuzoee kauli moja kabla ya kufuta, kabla ya kufomati, kabla ya kumwambia mteja "hii imekufa, mama": faili halijaharibika mpaka ithibitike.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kompyuta ina maneno machache ya kulalamikia. Faili likiwa halijakamilika, itasema limeharibika. Likiwa zima lakini ni la aina isiyoijua, itasema limeharibika. Likiwa limekaa mahali pasipofaa, itasema limeharibika. Hata saa ya kompyuta ikikosea mwaka, unaweza kuambiwa limeharibika. Mgonjwa akisema "naumwa tumbo" daktari hampasui hapohapo. Anamuuliza maswali.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wapo walimu hapa ambao hii si kazi yao ya kila siku. Taswira ya diski, yale mafaili tunayoyaita ISO, DMG, IMG, BIN na ndugu zao, si rundo la mafaili lililofungwa pamoja kama ZIP. Ni diski yenyewe iliyonakiliwa sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, pamoja na utaratibu wake wa ndani: faili gani linaanzia wapi, lina urefu gani, folda ipi imo ndani ya ipi. Ndiyo maana kompyuta ikifungua ISO inajifanya umeingiza CD, hata kama mashine yako haijawahi kuwa na tundu la CD. Na ndiyo maana likikosekana kipande kidogo tu cha ule utaratibu, huoni kitu, japokuwa data yote imo humo humo.

Utaratibu huo una historia. Miaka ya 1980 CD ya data ilipoanza, kila kampuni ilipanga diski yake kivyake, na diski ya huyu haikusomeka kwenye mashine ya yule. Novemba 1985 wawakilishi wa kampuni hizo walikutana kwenye hoteli moja iliyoitwa High Sierra, kando ya Ziwa Tahoe, Marekani, wakakubaliana mpangilio mmoja. Mwaka 1988 mpangilio huo, baada ya kurekebishwa, ukawa kanuni ya kimataifa namba 9660 ya shirika la ISO. Hapo ndipo faili letu lilipopata jina. Kwa hiyo ukiona ISO, unaona makubaliano. Na makubaliano yana vipengele vinavyoweza kukaguliwa kimoja kimoja.

Tuanze na kipengele cha kwanza, kile ambacho kwa uzoefu wangu kinamaliza kesi nyingi kuliko vingine vyote. Je, faili limefika lote?

Kijana mmoja anayeendesha kibanda aliniletea faili la kusakinishia mfumo wa Linux. Jina sahihi kabisa, herufi za mwisho ni ISO, analibofya linagoma. Nikamuuliza: lina ukubwa gani? Akasema hajaangalia. Tukaangalia wote. Kilobaiti kadhaa! Ndugu zangu, mfumo mzima wa kompyuta ndani ya kilobaiti? Nikalifungua kwa Notepad, ile ya kuandikia maandishi tu, na mstari wa kwanza ukajieleza: ulikuwa ukurasa wa tovuti. Alipakua akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, muda wake wa kuingia ukaisha, ile Wi-Fi ikamrudishia ukurasa wa "tafadhali ingiza nywila", na programu ya kupakua ikauhifadhi ukurasa huo kwa jina la ISO. Faili halikuharibika. Halikuwahi kuwa ISO.

Kwa hiyo swali la kwanza ni ukubwa. Swali la pili ni ukubwa. Msinicheke, nina maana yangu. Swali la kwanza: je, ukubwa unaingia akilini? Swali la pili: je, unalingana na ule ulioandikwa na mtoa faili, baiti kwa baiti? Bofya kulia, fungua sifa za faili, soma namba ndefu ile yenye tarakimu nyingi, usisome "GB 4.6" iliyokatwa.

Na kuna namba moja naomba muiandike kwenye daftari: 4,294,967,295. Hizo ni baiti, na ndicho kikomo cha faili moja kwenye diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani. Baiti moja zaidi, haliingii. Flashi nyingi bado ni FAT32. Kadi za kumbukumbu za simu za gigabaiti 32 kushuka chini, kwa kawaida nazo ni FAT32. Wangapi tunapakua kwa simu kwa sababu bando liko kwenye simu? Sasa unapakua ISO ya Windows 11, ambayo inapita gigabaiti tano, unaipeleka kwenye kadi ya namna hiyo. Itafikia ukuta. Programu nzuri itakwambia. Programu mbovu itakata kimya kimya na kukuachia kipande. Ukikuta faili limesimama kwenye namba hiyo au karibu nayo sana, usilaumu mtandao. Fomati kadi kwa exFAT, kama haina kitu cha maana ndani, kisha rudia.

Ukubwa ukilingana, je, tumemaliza? Hapana. Ukubwa unaweza kulingana na ndani kukawa kumebadilika. Hapo tunatumia hashi. Mtoa faili makini huweka, pembeni mwa faili, mstari wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA-256. Kompyuta yako inaweza kulisoma faili lote na kutoa mstari wake. Baiti moja ikitofautiana ndani ya gigabaiti tano, mstari unabadilika wote. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256. Kwenye Mac ni shasum -a 256 na jina la faili. Kwenye Linux ni sha256sum. Huna haja ya kununua programu yoyote, zote hizo zimo ndani ya mashine tayari. Mistari ikifanana, faili ni zima, na tatizo liko kwingine. Isipofanana, ndipo useme limeharibika, na utasema kwa ushahidi.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hashi inafanya kazi nyingine ambayo mafundi wengi hawaitumii. Inakwambia uharibifu umetokea wapi. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na ISO ya masomo aliyoinakili kutoka kompyuta ya ofisini kwenda kwenye flashi ya gigabaiti 512, flashi ya bei ya kutupa aliyoinunua barabarani. Ofisini ISO inafunguka. Darasani haifunguki. Akaamini kompyuta za darasani ni mbovu. Tukatoa hashi ya faili la ofisini, sawa na ya mtoa faili. Tukatoa hashi ya lile la kwenye flashi, tofauti. Ukubwa uleule, hashi tofauti! Mnaelewa maana yake? Flashi ile ilikuwa ya uongo. Zipo flashi zilizochezewa zijitangaze kuwa kubwa huku chembe ya kumbukumbu ndani ni ndogo. Unaandika, inakubali, inaonyesha jina na ukubwa, lakini data iliyozidi uwezo wake halisi inatupwa au inaandikwa juu ya nyingine. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, inajaza flashi nzima na kusoma tena kila kilichoandikwa. Kila flashi mpya ya bei ya ajabu ipitie hapo kwanza. Inachukua muda, lakini unaiacha unakwenda kula.

Na kama hashi ya faili lilelile, kwenye diski ileile, inatoka tofauti kila ukiipiga? Acha faili. Kagua RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuna mashine ina kijiti kibovu cha RAM na kila kinachopita humo kinachafuka. Programu ya Memtest86 itakueleza.

Haya. Faili limefika lote, hashi ni sawa, bado linagoma. Tunakuja kwenye jambo la pili: je, faili ni lile linalojiita?

Herufi zilizo baada ya nukta ni jina tu, na jina mtu anaweza kubandika. Nimekutana na watu wanaobadilisha BIN kuwa ISO kwa kuandika upya jina, halafu wanashangaa. Ndani hapakubadilika kitu! Faili lina utambulisho wake wa ndani, na utambulisho huo hausomi jina ulilobandika. ZIP inaanza na herufi PK. RAR inaanza na neno Rar na alama ya mshangao. ISO ya kawaida inaacha sekta 16 za mwanzo, kila moja baiti 2,048, yaani baiti 32,768, ndipo inajitambulisha kwa maandishi CD001. DMG ya Mac yenyewe inajitambulisha mwishoni: baiti 512 za mwisho wa faili zinaanza na herufi koly. Hebu fikirini maana yake kwa mtu wa bando. ISO iliyokatika njiani inaweza kufunguka, ukaona folda zote, halafu mafaili ya mwisho yakakataa kunakiliwa. DMG iliyokatika njiani haifunguki kabisa, kwa sababu kilichokatika ndicho kitambulisho. Mtu wa Windows analalamika nusu, mtu wa Mac analalamika yote, na ugonjwa ni mmoja.

Kwa wapenda mambo ya kale: taswira za aina ya VHD, zinazotumika kwenye kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, nazo zina utambulisho mwishoni, neno conectix. Ni jina la kampuni ya Connectix iliyouanzisha mfumo huo kabla Microsoft haijaununua mwaka 2003. Herufi moja imepunguzwa ili neno litoshe kwenye nafasi ya baiti nane. Kampuni haipo, jina lake bado limo ndani ya mafaili mengi sana.

Kwenye Linux na Mac kuna amri inaitwa file. Andika file, nafasi, jina la faili, itakwambia ni kitu gani kwa kuangalia ndani. Kwenye Windows, 7-Zip ni ya bure na inafungua ISO, DMG, VHD na nyingine nyingi. 7-Zip ikifungua na Windows ikakataa, tayari umejua kuwa faili lina uhai.

Sasa BIN na CUE, maana vijana wa michezo ya zamani wapo hapa, nawaona. CUE ni faili dogo la maandishi. Lifungue kwa Notepad, kwa kawaida mstari wa kwanza unataja jina la BIN. Ukilibadilisha jina la BIN ili lipendeze, CUE inaendelea kulitafuta lile la zamani, halipo, kila kitu kinagoma. Tiba ni kuandika jina jipya ndani ya CUE. Dakika moja.

Na kuna hesabu ndogo ninayoipenda. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000. Ukichukua data peke yake, kila sekta ni baiti 2,048, unapata 737,280,000. Ukichukua sekta nzima ghafi, pamoja na alama za kusawazisha na za kurekebisha makosa, kila moja ni baiti 2,352, unapata 846,720,000. CD ileile, mafaili mawili ya ukubwa tofauti. Kwa hiyo ukipewa faili lisilojulikana, gawanya ukubwa wake. Likigawanyika kwa 2,048 bila baki, huenda ni ISO. Likigawanyika kwa 2,352 bila baki, huenda ni ghafi, na utahitaji kuligeuza kwa programu, si kwa kubadilisha jina. Walimu wa hisabati, mpo? Wapeni watoto hesabu hiyo darasani, wataona kugawanya kuna kazi.

Jambo la tatu nitalipita upesi: upande wa kompyuta.

Windows 7 haikuwa na uwezo wa kufungua ISO kama diski bila programu ya ziada. Uwezo huo ulianza na Windows 8, mwaka 2012. Lakini hata Windows 11 inaweza kushindwa kama ulisakinisha WinRAR au programu ya video nayo ikajitwalia mafaili ya ISO. Bofya kulia, chagua kufungua kwa kutumia Windows Explorer, basi. Pia Windows inaweza kukwambia uhakikishe faili liko kwenye diski ya NTFS na halimo ndani ya folda iliyobanwa. Ujumbe huo unatokea hata kwa faili zima kabisa lililoshushwa kwa torenti, kwa sababu programu za torenti hutenga nafasi ya faili kwa namna ya matundu, yaani kwa kuacha sehemu tupu zijazwe baadaye, na Windows haipendi kupachika faili la namna hiyo. Nakili faili hilo kwenye folda nyingine, fungua ile nakala. Mara nyingi inatosha. Watu wamepakua upya gigabaiti nzima nzima kwa tatizo ambalo dawa yake ni kunakili na kubandika!

Wenye Mac za mtumba, hili ni lenu. DMG inaweza kuwa nzima, lakini ndani yake mna mfumo wa mafaili wa APFS, ambao Apple iliuleta rasmi kwenye Mac mwaka 2017 na toleo la High Sierra. Ndiyo, jina lilelile la ile hoteli, ila hapa ni la milima. Mac iliyoishia toleo la El Capitan la mwaka 2015 haiujui APFS. Itakwambia hakuna mfumo wa mafaili wa kupachika. Hapo huna faili bovu, una mashine ya zamani. Tafuta toleo la programu lililotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo. Na mwaka 2019 cheti kimoja cha Apple kiliisha muda, mafaili ya kusakinishia macOS yaliyokuwa mazima jana yakaanza kusema yameharibika. Apple ilitoa mengine yenye cheti kipya. Kwa hiyo fundi wa Mac, angalia tarehe ya mashine na umri wa faili kabla ya kuangalia chochote.

Sasa naombeni masikio yote. Simu chini, tafadhali, hata wewe kaka wa pale dirishani.

Kuna ujumbe wa hatari kuliko "limeharibika". Ni ule unaosema: diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, je, unataka kuifomati? Na pale pana kitufe, kimekolezwa rangi, kinakuita.

Mwanafunzi wa chuo alikuwa na kadi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye kazi yake ya mwaka mzima, vipimo vya hali ya hewa kutoka shambani. Akaichomeka kwenye kompyuta ya Windows ili anakili data. Windows ikaonyesha sehemu ndogo yenye mafaili asiyoyajua, na kwa sehemu ya pili ikasema: inahitaji kufomatiwa. Yeye akajua kadi imekufa. Rafiki yake akamwambia bonyeza tu, itajirekebisha. Jamani! Sehemu ile ya pili ilikuwa nzima. Ilikuwa imepangwa kwa ext4, mfumo wa Linux, na Windows kwa kawaida haiusomi. Windows haisemi "lugha hii siijui". Inasema "niruhusu nifute". Kwa bahati dada mmoja wa maabara aliwahi kuuzuia mkono wake, akaichomeka kadi kwenye mashine ya Linux, na vipimo vyote vikaonekana.

Jambo hilohilo linatokea ukishachoma ISO kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Flashi ya gigabaiti 32 inaweza kuonekana ya megabaiti chache, au Windows ikataka kuifomati. Flashi haijafa. Imevaa umbo la taswira uliyoichoma. Zima kompyuta, iwashe kwa flashi hiyo, itafanya kazi yake. Na kwa upande wa pili, ukinakili tu faili la ISO ukalibandika ndani ya flashi, kompyuta haitawaka nalo, hata ungelibandika kwa maombi. Lazima flashi iandaliwe kwa programu ya kazi hiyo.

Kuna mafaili, lakini, ambayo nawaomba msiyafungue hata yakiwa tayari kufunguka.

Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kuzuia makro, yaani programu ndogo zinazojiendesha ndani ya nyaraka, kwenye nyaraka za Ofisi zinazotoka mtandaoni, kwa sababu wahalifu walikuwa wakipitisha virusi humo. Wahalifu walifanya nini? Walihamia kwenye ISO. Windows hubandika alama kwenye faili linalotoka mtandaoni ili likifunguliwa upewe onyo. Alama ilibandikwa kwenye ISO yenyewe, lakini mafaili yaliyomo ndani hayakuirithi. Unafungua ISO, unabofya kilichomo, hakuna onyo. Tundu hilo Microsoft iliziba Novemba 2022, na mashine ambayo haijasasishwa tangu hapo bado iko wazi. Sasa niambieni, ni mhasibu gani anatuma ankara ndani ya taswira ya diski? Ikija kwa barua pepe ISO ndogo inayojiita risiti, mzigo bandarini au notisi ya kodi, na ikagoma kufunguka, mshukuru Mungu uifute.

Na lile la Februari 2016 mafundi wa Linux mnalikumbuka. Tovuti ya Linux Mint ilivamiwa. Wavamizi hawakuifunga. Walibadilisha kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekeza kwenye ISO nyingine, inayofanana, inayofunguka vizuri, inayosakinika vizuri, ila ina mlango wa nyuma wa kumwingiza mvamizi kwa siri. Tarehe 20 mwezi ule watu walipakua, wakasakinisha, wakafurahi. Faili lilifunguka! Aliyepiga hashi na kuilinganisha na hashi halisi aliona tofauti papo hapo. Na kwa kuwa mtu aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha hata hashi iliyoandikwa pale, miradi makini huisaini orodha ya hashi kwa ufunguo wao wa GPG, programu ya saini za kidijitali. Kuhakiki saini ni hatua ya ziada, na kwa kompyuta ya shule yenye matokeo ya wanafunzi mimi sioni kuwa ni nyingi.

Nimalizie na wale wenye studio za picha, kwa sababu nyinyi mna hazina za watu.

CD na DVD za kuchoma hutunza data kwenye rangi, na rangi inachakaa. Mteja anakuja na diski ya harusi ya wazazi wake, unajaribu kutengeneza taswira, kompyuta inafika katikati inakwama, inasaga, inaacha. Programu za kawaida zikikutana na sekta mbovu zinasimama. GNU ddrescue haisimami. Inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye faili la ramani ni wapi pamebaki, halafu inarudi kuzihangaikia zile ngumu. Umeme ukikatika, na unajua utakatika, ukiwasha inaendelea ilipoishia kwa sababu ramani ipo.

Lakini uzuri wake hasa niliuona kwa fundi mmoja wa Tanga. Familia ilimletea DVD ya harusi, ina mikwaruzo, imepoteza sehemu ya sherehe. Akatoa alichoweza. Kisha akauliza swali la maana: studio ilitoa nakala ngapi siku ile? Mbili, wakasema, moja upande wa bwana harusi, moja upande wa bibi harusi. Hiyo ya pili iko wapi? Iko Pemba kwa shangazi. Ikaletwa. Nayo ilikuwa na mikwaruzo, ila mahali pengine. Kwa kuwa zote mbili zilichomwa kutoka taswira moja, sekta ya elfu kumi ya hii ni sekta ya elfu kumi ya ile. Akaiweka ya pili, akaiambia ddrescue itumie faili lilelile la taswira na ramani ileile. Ikaenda moja kwa moja kwenye mapengo. Ya upande wa bibi ikaziba ya upande wa bwana, na shughuli yote ikarudi.

Kwa hiyo mwenye studio, mteja akikuletea diski iliyogoma, muulize nani mwingine katika ukoo ana nakala. Usiisugue kwa dawa ya meno kabla ya kuuliza. Toa taswira kwanza, fanyia majaribio yako yote kwenye nakala ya taswira, na diski yenyewe irudishe kwenye kasha lake. Na taswira ukishaipata, piga hashi yake siku hiyohiyo, uiandike kwenye faili la maandishi ukalihifadhi pembeni yake. Mwaka ujao ukiitoa kwenye diski ya nje utajua kama ni ileile.

Naambiwa muda umekwisha na chai iko tayari. Aliyekuja na flashi yenye faili lililogoma asiende nayo kwenye chai. Meza ya kushoto ina mashine ya Linux, ya kulia ina Mac na Windows. Andikeni kwenye karatasi ukubwa wa faili kwa baiti na mlikolitoa, halafu mnikute pale.